Kabla Hujaajiri Mpishi wa Pili

Mgahawa mdogo wa Dar es Salaam huanza siku yake kabla ya adhana ya alfajiri. Maharage yanatakiwa yawe jikoni, unga wa chapati uwe umekandwa, supu iwe imekolea kabla madereva wa bajaji na watu wa maofisini hawajaanza kupita. Mwenye mgahawa anakimbia huku na kule hadi usiku. Siku moja, akiwa hoi, anamwambia jirani, "Nitafutie msichana wa kunisaidia." Jioni ileile msichana analetwa. Mwezi unapita, na mwenye mgahawa bado anafanya kazi zake zote za mwanzo, na juu yake ameongeza kazi ya kumfuatilia msichana.

Vidokezo hivi ni vya mwenye mgahawa huyo. Unapoajiri, unanunua saa. Uliza kwanza ni saa zipi, halafu uliza ni nani atakayekurudishia saa hizo kweli. Mfano wangu ni mgahawa kwa sababu hesabu yake huonekana haraka, lakini mwenye saluni, mwenye cherehani au mwenye duka la vifaa vya ujenzi ataona palipo pake.

1. Wiki moja, daftari moja

Kabla ya kumtafuta mtu, andika unachofanya kila saa kwa siku saba. Andika ukiwa palepale kazini, maana usiku utakumbuka kazi kubwa tu na kusahau zile ndogondogo zinazokula siku. Saa kumi na moja alfajiri, sokoni. Saa mbili, kutafuta chenji ya noti ya elfu kumi. Saa tatu, kumenya vitunguu. Saa nne, kumsubiri mtu wa mkaa ambaye hakuja. Saa saba mchana, kupakua wali huku unapokea pesa huku unaitwa na mteja wa meza ya nje.

Wiki ikiisha, chukua kalamu ya rangi nyingine. Wekea alama kazi ambazo lazima uzifanye wewe: kuonja mchuzi, kupanga bei, kuzungumza na mteja anayetaka chakula cha watu arobaini Jumamosi. Zinazobaki ndizo unazoweza kumpa mtu. Mara nyingi mwenye mgahawa aliyekuwa anatafuta mpishi wa pili hugundua kwamba upishi haujamshinda. Kinachomzidi nguvu ni kumenya, kukatakata na kuosha kati ya saa tatu na saa sita. Huyo anahitaji mtu wa maandalizi kwa nusu siku, na gharama yake hailingani kabisa na ya mpishi.

2. Iandike kazi kwa vitendo

"Awe mchapakazi na mwaminifu" halimwambii mtu chochote, kwa sababu hakuna anayekuja kuomba kazi akijiita mvivu. Andika hivi: anafika saa kumi na mbili asubuhi; anachambua na kubandika maharage kilo tano; anakanda chapati; anahudumia meza hadi saa nne; anaosha sufuria zote kabla ya kuondoka saa tisa alasiri; Jumapili hafanyi kazi. Msomee kila anayekuja. Anayekaa Mbagala na ambaye hawezi kufika Sinza saa kumi na mbili atakwambia leo, badala ya wewe kuyajua hayo wiki ya tatu, mvua inanyesha na wateja wamesimama mlangoni.

3. Tafuta mahali wanapojulikana kwa kazi yao

Jirani anakuletea mtu anayehitaji kazi. Wewe unahitaji mtu anayeiweza kazi. Wakati mwingine ni mtu mmoja huyohuyo, wakati mwingine sivyo. Waulize wanaoingia kwenye majiko mengi: anayekuletea nyama kutoka Vingunguti, anayekuuzia gesi, dereva wa bodaboda anayesambaza oda za mchana. Hao wanajua jiko gani ni safi na mhudumu gani hagombani na wateja. Vyuo vya VETA vyenye kozi za upishi na uhudumu navyo hutafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi wao kwa mafunzo ya vitendo, na wiki kadhaa za kumwona mwanafunzi akifanya kazi zitakuonyesha mengi ambayo hakuna usaili utakaoyaonyesha.

Usimnyakue mpishi wa jirani. Uliyemvuta kwa elfu mbili za ziada kwa siku atavutwa na mwingine kwa elfu tatu, nawe utakuwa umepoteza mpishi na jirani wa kukuazima mtungi wa gesi siku wako umeisha.

4. Ndugu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo biashara nyingi za kwetu zinapoumia kimyakimya.

Simu inapigwa kutoka nyumbani. Dada anasema mtoto wake amemaliza kidato cha nne, yuko tu kijijini, na wewe mjomba una mgahawa mjini. Kumkatalia ni kazi ngumu. Kumpokea bila mpango kunaumiza zaidi: analala kwako, anakula mgahawani, halipwi mshahara unaoeleweka kwa sababu "ni mtoto wa nyumbani", na baada ya miezi mitatu anajichukulia mwenyewe anachoona ni haki yake kwenye droo ya pesa. Ukimkemea, kikao cha ukoo kinaitishwa.

Tenga msaada na kazi. Kama unataka kumsaidia mtoto wa dada, msaidie kutoka mfukoni mwako: mlipie ada ya chuo cha ufundi, mpe nauli, mpe chumba. Hiyo ni sadaka na undugu, na mgahawa haupaswi kuibeba. Lakini kama unamtaka kwa kazi, apitie mlango uleule wanaopitia wengine: asomewe kazi, ajaribiwe, apate mkataba, alipwe mshahara ule ambao ungemlipa mgeni. Mwambie mama yake mapema, kwa sauti na kwa heshima, kwamba kazini kuna msimamizi na nyumbani kuna mjomba, na ya huku hayapelekwi kule. Dada anaweza kununa kwa wiki mbili. Heri wiki mbili hizo kuliko miaka kumi ya kutosalimiana.

Na kama anayeletwa bado ni mtoto, mrudishe shule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo lakini bado ni mtoto anaruhusiwa kazi nyepesi tu zisizomdhuru wala kumzuia kusoma. Jiko lenye mafuta yanayochemka kuanzia alfajiri si kazi nyepesi.

5. Mpe mwiko

Maswali ya usaili yanampendelea msemaji. Mpishi mjaribu kwa siku moja au mbili, na mlipe siku hizo hata kama humchukui. Kumfanyisha mtu kazi bure kwa jina la majaribio ni kumdhulumu, na habari hiyo itasambaa kwa wapishi wote wa mtaa.

Usimwambie apike pilau. Pilau ya siku moja kila mtu ataijitahidia. Mwambie apike wali, maharage na mchicha, chakula ambacho mteja wako atakila Jumatatu hadi Ijumaa na kukisamehe mara moja tu kikiungua. Angalia mkono wake kwenye mafuta na chumvi. Angalia meza baada ya kukatakata. Angalia anafanya nini saa nne na nusu, wateja wa chai wameondoka na wa mchana hawajafika: anashika kitambaa au anashika simu? Msikilize anavyozungumza na anayeosha vyombo. Anayemdharau mwosha vyombo siku ya kwanza, huku wewe unamtazama, atafanya nini ukienda sokoni?

Wa kupokea pesa mpe saa saba mchana, foleni imejaa. Saa tisa hesabu naye pesa, pole pole, bila kumtuhumu. Utajua.

6. Piga simu ile

Kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, wadhamini wawili: karibu kila mwajiri anaviomba, na wengi wanaviweka kwenye bahasha bila hata namba moja kupigwa. Piga. Mdhamini asiyejua mtu wake anakaa wapi hajadhamini kitu. Kwa mwajiri wake wa zamani uliza jambo moja tu: "Akija kwako kesho, utampokea?" Kisha nyamaza usikilize anavyovuta pumzi kabla ya kujibu.

Chukua nakala ya kitambulisho na umrudishie chenyewe. Kushikilia kitambulisho au vyeti vya mtu ili asiondoke ni uonevu. Na kwa kuwa atashika chakula, apimwe afya na apate cheti chake kabla hajagusa sufuria. Bwana afya akipita, hataki maelezo, anataka cheti.

7. Hesabu saa za mgahawa kabla ya kuweka saini

Tuseme unafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku. Hizo ni saa 16 kwa siku. Kwa siku sita ni saa 96. Sheria niliyoitaja inaweka kikomo cha saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, si zaidi ya 9 kwa siku, katika siku 6. Watu wawili kwenye nafasi moja wanakupa saa 90. Saa sita zinazobaki ni za ziada, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu.

Sasa rudi kwenye daftari lako la kidokezo cha kwanza. Kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni uliuza sahani ngapi? Kama ni mbili tatu na soda, funga jiko saa hizo. Umeokoa saa tatu za mafuta, mkaa na mshahara, na wafanyakazi wako wanapata muda wa kupumua kabla ya chipsi za jioni. Wenye migahawa wengi wanaogopa kufunga hata kwa saa moja, kana kwamba mteja akikuta pamefungwa hatarudi tena. Mteja anazoea haraka sana saa zinazoeleweka. Kinachomfukuza ni kukuta leo pamefunguliwa na kesho pamefungwa.

Mkataba unaweza kuwa wa ukurasa mmoja: jina, kazi, saa, mshahara na tarehe ya kuulipa, siku ya mapumziko, kipindi cha majaribio, namna ya kuachana. Weka humo likizo ya siku 28 kwa mwaka, maana ni haki yake. Weka na mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF, asilimia 20 ya mshahara, ambapo kwa kawaida nusu unatoa wewe na nusu anakatwa yeye. Na mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, ambayo ni yako peke yako, ili siku mafuta yakimuunguza asitibiwe kwa mchango wa wateja. Kima cha chini cha mshahara kiulizie ofisi ya kazi kabla ya kutaja bei yako.

Jambo moja zaidi la mshahara: sahani ikivunjika, usikate tu. Kukata mshahara kwa hasara kuna masharti yake kisheria, na hata yakitimia makato hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara. Kuna waajiri ambao mwisho wa mwezi humkabidhi mtu karatasi ya vikombe na vijiko badala ya pesa ya kodi ya chumba. Mfanyakazi huyo hawezi kukupikia kwa moyo, na sioni kwa nini apike hivyo.

8. Wiki mbili za mwanzo kaa naye

Hizi ndizo saa utakazoziona zimepotea, na ndizo zitakazokulipa kuliko zote. Usimwachie jiko siku ya pili ukakimbilia Kariakoo. Mwonyeshe kikombe cha kupakulia wali na ujazo wake. Pimeni pamoja: kilo moja ya mchele wenu inatoa sahani ngapi? Lita ya mafuta inakaanga viazi vya ndoo ngapi kabla hayajabadilika rangi? Andikeni ukutani. Baada ya hapo hutalazimika kusimama karibu na sufuria kuhakikisha kila mteja anapata kipimo kilekile.

Kila kitu kiwe na mahali pake. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 kutumia utaratibu wa kupanga mahali pa kazi uliotoka Japani, na baadaye hospitali nyingine nchini zikaufuata. Kwa Kiswahili unajulikana kwa S tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Wauguzi waliutumia kwenye dawa na mafaili. Wewe utumie kwenye vifuniko vya sufuria. Toa visivyotumika, panga vinavyotumika, safisha, wekeni kanuni ya wote, mkaishike. Hesabu tu mara ambazo neno "kiko wapi?" linatamkwa jikoni kwako katika saa moja ya mchana, na utajua unapoteza muda kiasi gani.

9. Soko lisikule asubuhi yote

Mwenye mgahawa hupenda kwenda sokoni mwenyewe kila siku, na sababu yake ni nzuri: jicho lake linajua nyanya. Lakini si kila kitu kinahitaji jicho kila siku. Mchele, maharage, unga, sukari na mafuta nunua kwa wiki; ukipanga safari moja ya Tandale, bei ya gunia itakulipia nauli na kubakiza. Vitunguu na viazi vinakaa siku kadhaa mahali penye hewa. Ndizi za Mabibo zinategemea unavyouza. Vinavyobaki kwa kila siku ni nyama, samaki, nyanya na mboga za majani.

Kwa hivyo tafuta muuzaji mmoja mmoja na ujenge naye. Mlipe kwa wakati, hata siku biashara ilipokuwa mbaya. Muuzaji wa Ilala anayejua kwamba pesa yako haichelewi atakuchagulia nyanya nzuri na kuzituma kwa bodaboda ukiwa jikoni, na zikija mbovu atazibadilisha bila maneno. Hilo linajengwa kwa miezi. Likishajengwa, umerudishiwa alfajiri sita kwa wiki. Nenda mwenyewe mara moja kwa wiki, siku tofauti tofauti, uone bei na usalimie watu.

10. Pesa ziwe na saa yake

Bandika lipa namba ukutani kwa maandishi makubwa ili kelele za chenji zipungue. Asubuhi, droo ianze na kiasi kilekile cha sarafu na noti ndogo. Jioni, hesabu ifungwe saa ileile kila siku, mkiwa wawili, na nyote mweke saini. Mfanyakazi mwaminifu anaupenda utaratibu huu kuliko mtu yeyote, maana ndio unaomlinda siku pesa ikipungua.

Madeni ya wateja yawe kwenye daftari moja, yenye kikomo kwa kila mtu, na yadaiwe siku moja ya wiki. Kumkumbusha mtu deni kila anapopita kunakuchosha wewe na kumfukuza yeye.

11. Simu ikae kwenye droo, saa sita na nusu hadi saa nane na nusu

Yako pia. Isipokuwa ile ya kupokea oda.

12. Dakika kumi za saa nne

Wateja wa chai wakishaondoka, kaeni chini wote, na chai mkononi. Kimeisha nini? Mteja gani alilalamika? Nani kesho ana ruhusa? Aanze kusema mwosha vyombo, kwa sababu yeye ndiye anayeona sahani zinarudi na nini. Kama maharage yanarudi nusu sahani siku tatu mfululizo, yeye anajua kabla yako. Mambo yote yanayoweza kusubiri yasubiri kikao hiki. Ukizoea kuitwa kila dakika, hata ukiwa na wafanyakazi wanane utachoka kama uliye peke yako.

13. Kuachana

Kuna mtu utamchagua kwa makini yote haya na bado haitafaa. Mwambie mapema, ndani ya kipindi cha majaribio, mkiwa wawili, na umtajie mambo yenyewe: umechelewa siku hizi na hizi, chakula kiliungua mara hizi. Usimsubirie kosa kubwa ili upate sababu ya kumfokea mbele ya wateja. Akiwa ndani ya mwezi wake wa kwanza, notisi ni angalau siku 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Mlipe siku alizofanya kazi na likizo aliyokwisha kuipata, na umwandikie hati ya utumishi inayosema ukweli. Mtu aliyeondoka amelipwa vizuri anaweza kukuletea mpishi bora kuliko yeye, na hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Halafu fungua daftari uliloandikia namba za wapishi siku za majaribio. Yule wa pili, aliyepika maharage mazuri lakini ukamchagua mwingine aliyekuwa anakaa karibu, namba yake bado imo. Mpigie saa nne, baada ya wateja wa chai.